Nitajuaje kama miaka mitatu ya ketelibeli imenijenga?

Fundi umeme, Nakuru

Hamjambo nyote. Ninaomba ushauri kuhusu jambo linalonikosesha raha tangu nihamie Nakuru. Nilianza mazoezi ya ketelibeli, yaani chuma kizito cha mviringo chenye mpini juu, mwanzoni mwa mwaka wa 2022 nikiwa Kisumu, nikitumia chuma kimoja tu cha kilo 24 nilichokinunua katika duka la vifaa vya michezo, na tangu siku ya kwanza nimekuwa nikiandika kila kitu: tarehe, seti, marudio, muda wa kupumzika, na mara nyingine hata nilichokula kabla ya kuanza. Sasa nina madaftari manne yaliyojaa. Hata hivyo, mtu akiniuliza leo kama nimepiga hatua, siwezi kumjibu kwa uhakika, na hilo linaniuma kwa sababu nimekuwa nikiamka saa kumi na moja alfajiri kwa miaka zaidi ya mitatu kwa ajili ya kazi hii.

Kipimo ninachokitegemea ni swingi 100 za mkono mmoja, yaani kukirusha chuma kutoka katikati ya miguu hadi usawa wa kifua. Ninafanya kumi kwa mkono wa kulia, ninaweka chuma chini, ninapumzika kadiri ninavyohitaji, kisha kumi kwa mkono wa kushoto, na saa haisimami mpaka ya mia itimie. Mnamo Agosti 2022 nilimaliza kwa dakika 9 na sekunde 40. Novemba 2024 nilimaliza kwa dakika 7 na sekunde 10, nami nilifurahi mno. Januari 2025 nilihamia Nakuru kikazi. Kile chuma changu nilimwachia mdogo wangu, kwa kuwa mizigo ilikuwa mingi, na nilipofika huku nikanunua kingine kwa mafundi wa jua kali, kimeandikwa 24 kwa rangi nyeupe. Tangu hapo nimejaribu kipimo kile kile mara tatu, na mara iliyokuwa nzuri kuliko zote, mwezi uliopita, nilitumia dakika 8 na sekunde 50.

Uzito wangu nao haujasogea. Nimebaki kwenye kilo 81 kwa mwaka mzima, ingawa mke wangu anashikilia kwamba mashati yangu yamelegea tumboni na kubana mabegani. Silali vibaya, sinywi pombe, na sijaugua. Je, nimerudi nyuma? Na kama madaftari manne hayawezi kunipa jibu, nilipaswa kupima nini, na kila baada ya muda gani?

Mkufunzi, Kisumu

Ndugu fundi, kabla hujautilia shaka mwili wako, kitilie shaka hicho chuma. Kipeleke kikapimwe kwenye mizani. Ninawaheshimu sana mafundi wetu wa jua kali, na hapa sokoni Kibuye nimenunua kwao vyuma ambavyo bado ninavitumia, lakini fundi anayechomelea ketelibeli kwa mabaki ya vyuma hukadiria uzito kwa mkono, na makadirio ya mkono yanaweza kupotoka kwa kilo mbili au tatu bila mtu yeyote kukusudia udanganyifu. Kilo mbili katika chuma cha 24 si jambo dogo unapokirusha mara mia moja.

Ukishakipima, pima pia unene wa mpini. Ketelibeli za mashindano hutengenezwa zote kwa ukubwa mmoja, ziwe za kilo 16 au 32, na mpini wake huwa na unene wa milimita 33 hadi 35, ili mchezaji anapobadili uzito asikutane na kitu kingine kipya. Chuma cha kuchomelea mara nyingi huwa na mpini wa bomba nene, na mpini mnene humchosha mtu kiganja na mkono wa mbele kabla moyo haujafanya kazi ya maana. Ndiyo maana ninakuuliza swali ambalo nina hakika halimo katika madaftari yako: unapoweka chuma chini, huwa umeshindwa na pumzi au na kiganja?

Nilijifunza umuhimu wa swali hilo kwa mama mmoja anayeuza samaki ufukweni Dunga, ambaye nilimfundisha snachi, yaani kukitoa chuma katikati ya miguu na kukifikisha juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja. Kwa miezi mitano alikwama kwenye marudio 40 ndani ya dakika tano, nami nilikuwa nikimwongezea mbio nikidhani kwamba moyo ndio dhaifu. Siku moja nilimwomba afungue viganja. Chini ya kidole cha pete, mikono yote miwili, palikuwa na lengelenge gumu lililopasuka na kupona mara nyingi hadi likawa na rangi ya kahawia. Alikuwa akiukaba mpini kwa nguvu zake zote chuma kilipokuwa kikishuka, badala ya kuuacha uteleze na kuning'inia kwenye vidole. Tulitumia wiki sita kurekebisha ushikaji peke yake, bila kugusa jambo lingine, naye akafikisha marudio 62. Namba yake ya zamani ilikuwa ikipima ngozi, na sisi tukaisoma kama namba ya moyo.

Kuhusu madaftari, nadhani tatizo lako ni kwamba umechanganya kumbukumbu na kipimo. Kumbukumbu ya kila siku inakuambia ulifanya nini. Inakusaidia usizidishe kazi na usijidanganye kwamba ulifanya mazoezi siku ambayo hukuyafanya. Kipimo ni kitu kingine. Kipimo hufanywa mara chache, kwa masharti yaleyale, na kwa nia ya kulinganisha. Mimi na wanafunzi wangu hupima kila baada ya wiki 12, baada ya siku mbili za kupumzika, saa ileile ya asubuhi, kwa chuma kilekile. Ukipima kila wiki utakuwa unapima usingizi wa jana na joto la siku hiyo. Hapa Kisumu mtu akifanya zoezi moja saa kumi na mbili asubuhi na kulirudia saa tisa alasiri, mapigo ya moyo yake hayafanani hata kidogo, ilhali yeye ni yuleyule.

Angalia pia ulivyoliunda jaribio lako. Umefunga uzito na idadi, ukauacha muda uwe huru, na hapo hujakosea. Wachezaji wa mashindano hufunga uzito na muda, kisha huhesabu marudio: dakika kumi, chuma hakiwekwi chini, na katika snachi mkono hubadilishwa mara moja tu. Njia zote mbili zinafaa, mradi uchague moja na uishikilie kwa miaka. Kinachoharibu ulinganisho ni kubadili mambo mawili kwa pamoja, na wewe ulibadili chuma na mji kwa wakati mmoja. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru inakaribia mita 1,850. Huko uliko hewa ni nyepesi, kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu, na ingawa mwili hujizoeza katika wiki na miezi ya mwanzo, kazi ya kuhema kama hiyo ya swingi mia haitarudi yote kama ulivyoizoea ziwani.

Dereva, Kisii

Mimi hujumlisha kilo zote za mwezi. Nikifanya swingi 100 za kilo 24 ninaandika kilo 2,400, na mwisho wa mwezi ninaona jumla. Mwezi uliopita nilifikisha tani 61, mwaka jana mwezi kama huo nilikuwa na tani 44. Kwangu hayo ni maendeleo yasiyo na ubishi.

Mkufunzi, Kisumu

Ndugu dereva, ninakupongeza kwa bidii, na neno langu ndilo hilo: jumla ya tani inapima bidii. Haipimi uwezo. Swingi huendeshwa na nyonga na kukifikisha chuma kifuani. Presi husukumwa na bega na mkono, bila msaada wa nyonga, hadi mkono unyooke juu ya kichwa. Katika hesabu yako kilo 24 za swingi na kilo 24 za presi zina thamani moja, ingawa watu wengi wanaofanya swingi mia za uzito huo hawawezi presi tano. Mtu anaweza kuongeza tani kila mwezi kwa kuongeza zoezi lililo rahisi kwake. Hata hivyo, ukichukua zoezi moja tu, ukazidisha uzito halisi kwa marudio, kisha ukagawa kwa dakika ulizotumia, utapata namba inayolinganishika vizuri zaidi, hata pale uzito unapotofautiana kidogo. Huenda hiyo ikamfaa ndugu yetu wa Nakuru.

Muuguzi, Bungoma

Nitaongeza upande wa afya, kwa kuwa naona kila mtu anahesabu chuma na hakuna anayehesabu mwili.

Kipimo cha bei nafuu kuliko vyote ni mapigo ya moyo wakati wa mapumziko. Unapoamka, kabla hujasimama na kabla ya chai, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, na uhesabu kwa dakika nzima. Fanya hivyo siku saba mfululizo, kisha tafuta wastani. Kwa mtu mzima kiwango cha kawaida ni kati ya 60 na 100, na mtu aliyefanya mazoezi ya moyo kwa muda mrefu mara nyingi hushuka chini ya 60 bila ubaya wowote, mradi hana kizunguzungu wala kuzimia. Mabadiliko ya mwaka hadi mwaka ndiyo ya kutazamwa. Namba hii pia inakuonya: ikipanda ghafla kwa mapigo saba au kumi juu ya kawaida yako, usiguse chuma siku hiyo. Katika eneo letu hili mara nyingi nimeona ikipanda siku moja kabla ya homa kujitokeza, na mtu anayefanya mazoezi makali juu ya malaria anajitafutia hatari kubwa.

Kuhusu uzito, ndugu fundi, mizani ya bafuni haitofautishi msuli na mafuta, na mwili unaweza kuongeza au kupunguza kilo moja au mbili kwa siku moja kwa sababu ya maji na chumvi peke yake. Mke wako amekupa kipimo bora kuliko hiyo mizani. Chukua utepe wa fundi wa nguo, uuzungushe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi kwa kawaida bila kulivuta tumbo ndani, na usome. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba kwa mwanamume hatari ya magonjwa huanza kuongezeka kiuno kinapozidi sentimita 94, na huwa kubwa zaidi kinapozidi 102. Kwa mwanamke ni 80 na 88. Kilo 81 zenye kiuno cha 96 na kilo 81 zenye kiuno cha 88 ni miili miwili tofauti kabisa, na kama ungekuwa umepima mwaka wa 2022 ungeliona hilo kwa macho yako. Anza leo. Mara moja kwa mwezi inatosha.

Jambo la mwisho nalisema kwa wote wanaosoma hapa: mwenye shinikizo la juu la damu asibane pumzi anaposukuma chuma juu ya kichwa, kwa maana kubana pumzi hupandisha shinikizo kwa kasi. Apimwe kwanza, azungumze na mhudumu wake, halafu aanze na uzito mdogo.

Mwalimu mstaafu, Kakamega

Wanangu, nimesoma yote kwa furaha. Nina umri wa miaka 63, na nilianza ketelibeli nilipokuwa na 54 baada ya mgongo kunisumbua kwa muda mrefu. Ninataka kuzungumzia neno "muda mrefu" lenyewe, kwa sababu nadhani kijana wa Nakuru analipima kwa miezi.

Zoezi langu la kujipima ni moja. Ninalala chali, ninasukuma chuma cha kilo 12 juu kwa mkono mmoja, kisha ninainuka polepole hadi kusimama huku mkono ukiwa umenyooka na jicho likikitazama chuma, halafu ninarudi chini kwa njia ileile. Ninafanya mara tano kulia na tano kushoto. Miaka sita iliyopita niliweza kumaliza yote bila kupumzika njiani. Leo pia ninaweza. Ukiziweka namba hizo kando kwa kando utasema mwalimu hajasogea. Lakini nguvu za misuli huanza kupungua taratibu tangu mtu akiwa na miaka thelathini na kitu, na baada ya sitini upungufu huo huongeza kasi, hivyo kubaki mahali pamoja kwangu ni sawa na kupanda mlima ambao unateremka chini ya miguu yangu. Rika zangu kadhaa hawawezi tena kuinuka sakafuni bila kushika kiti.

Mambo mawili ninayoyaandika ambayo sijaona mtu akiyataja. La kwanza ni tofauti ya kulia na kushoto. Nilipoanza, mkono wa kushoto ulikuwa ukitetemeka kuanzia mara ya pili, wa kulia mara ya tano. Sasa yote miwili hutetemeka mara ya tano. Jumla ya marudio haikubadilika, lakini bega lililokuwa dhaifu limepona, na jumla isingeniambia hilo kamwe. La pili ni picha ya video. Mjukuu wangu huiweka simu juu ya kinu kilekile, upande uleule wa ua, mwanzo wa kila muhula wa shule. Nikizitazama video hizo kwa mfuatano ninaona goti likizidi kutulia na mgongo ukizidi kunyooka, na hakuna daftari linaloweza kuandika hayo.

Fundi, umetajiwa mizani, nami nimekumbuka jambo ambalo huenda litakupendeza. Vyuma hivi vilianza Urusi kama mawe ya mizani ya kupimia nafaka sokoni. Kipimo chao kiliitwa pudi, na pudi moja ni kilo 16.38, ndiyo maana mpaka leo uzito unaopatikana kwa wingi ni 16, 24 na 32, yaani pudi moja, moja na nusu, na mbili. Nenda basi ukirudishe chuma chako kwenye nafaka.

Fundi umeme, Nakuru

Ninawashukuru wote kwa dhati. Nimefanya kama mlivyoniagiza, na ninarudi na namba.

Jumamosi asubuhi nilikibeba chuma hadi duka la nafaka karibu na ninapoishi. Mwenye duka aliondoa gunia la maharagwe kwenye mizani, akafuta vumbi kwa kiganja, nami nikakiweka katikati ya sahani. Kilisoma kilo 26.8. Nilimwomba apime tena, akakigeuza upande, kikasoma vilevile. Nyumbani niliupima mpini kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene ninachotumia kazini, nikapata milimita 41. Mdogo wangu kule Kisumu hana kalipa, kwa hiyo nilimwambia auzungushe uzi kwenye mpini wa chuma cha zamani na aupime uzi huo kwa rula. Ulikuwa na milimita 107, ambazo ni unene wa milimita 34 hivi. Na jibu la swali la mkufunzi ni kiganja. Nilirudia jaribio nikiwa makini na hilo tu, na katika seti nne za mwisho nilikuwa ninaweza kuzungumza sentensi nzima, lakini vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeanza kufunguka vyenyewe.

Kisha nikafanya hesabu ya kilo kwa dakika. Agosti 2022 nilikuwa na kilo 248 kwa dakika. Novemba 2024 nilikuwa na 335. Hapa Nakuru, nilipoamini kwamba chuma ni cha 24, hesabu ilinipa 272. Kwa uzito wake halisi ni 303. Nusu ya anguko langu ilikuwa rangi nyeupe iliyoandikwa na fundi. Nusu iliyobaki ninadhani imegawanyika kati ya mpini na hewa ya huku, nami sitaweza kuitenganisha mpaka nikipate kile chuma cha kwanza.

Muuguzi, nimehesabu mapigo kwa siku saba na wastani ni 56. Nilipopekua daftari la kwanza nilikuta ukurasa wa Machi 2022 ambao nilikuwa nimeusahau kabisa, ambapo niliandika pembeni kwamba nilipimwa zahanati na kuambiwa 74. Ninajua kwamba zahanati si kitandani asubuhi, kwa hiyo sitazilinganisha kana kwamba ni kipimo kimoja, ila nilikaa na huo ukurasa kwa muda. Kiuno changu ni sentimita 89. Mwalimu, video ya kwanza nimeipiga jana nikiwa nimeiweka simu juu ya ndoo, na tayari nimeona kwamba bega langu la kushoto linapanda kuelekea sikioni jambo ambalo sikuwahi kulihisi.

Mdogo wangu atanitumia chuma kwa basi la Ijumaa. Katika ukurasa wa mbele wa daftari la tano nimeandika: Jumamosi ya kwanza ya Agosti, saa kumi na mbili asubuhi, chuma cha Kisumu, swingi 100, na pembeni ya kila seti nafasi ya herufi moja, P kwa pumzi au K kwa kiganja.